Maili Saba za Bububu

Kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu ni mwendo wa maili saba hivi. Kwa gari ni safari ya kuanza mazungumzo na kuyakatisha. Kwa miguu ni asubuhi nzima na kipande cha mchana. Katika masafa hayo mafupi, pwani ya magharibi ya Unguja imebeba habari za majumba matatu ya kifalme, mawili yakiwa magofu na la tatu limetoweka karibu lote. Imebeba nyumba aliyokaa Livingstone, njia ya maji ya kwanza ya mji wetu, na njia ya reli iliyokwisha kung'olewa zamani. Ni nchi chache zenye utajiri wa namna hiyo katika mwendo ambao mtoto wa skuli anaweza kuumaliza kabla ya alasiri.

Na bado, wanaoyajua mambo haya kwa uchache ni sisi wenyewe. Mgeni aliyeteremka juzi huyajua, kwani ameyasoma kitabuni kabla ya kufunga begi lake. Mkaazi wa Kikwajuni au wa Mwanakwerekwe, ukimwuliza Maruhubi kuna nini, atakujibu kwamba aliwahi kupelekwa huko alipokuwa mdogo, au atakujibu kwamba hayo ni mambo ya watalii. Jawabu hili la pili ndilo lililotutia kalamu mkononi. Kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukiita cha wageni huwa hakina mlinzi.

Basi Jumapili moja ya kipupwe tulikusanyika Forodhani alfajiri, watu zaidi ya 30: walimu, wauguzi, vijana wa chuo, mvuvi aliyekwisha kuacha bahari, masheha wawili, na bibi mmoja muuza maandazi aliyekuja na kapu lake akisema kwamba hata akichoka, hatakosa wateja njiani. Hatukuwa chama wala msafara rasmi. Palikuwa na masharti mawili tu: kwamba hakuna atakayemtangulia mzee kuliko wote, na kwamba anayejua jambo alitamke mbele ya wote na asiyejua asione haya kuuliza. Sharti la kwanza lilitupunguzia mwendo, na la pili likatupunguzia zaidi. Hatukujuta kwa yote mawili.

Tulianzia Ngome Kongwe kwa sababu ndipo reli ilipoanzia. Ngome yenyewe ni ya tangu mwisho wa karne ya 17, ilipojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa, palepale palipokuwa na kanisa la Kireno. Imekwisha kuwa boma la askari na gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa kituo cha gari la moshi. Reli hiyo iliwekwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905, ikipita Malindi katika njia nyembamba baina ya nyumba na nyumba, kisha ikifuata pwani hadi Bububu. Ilichukua abiria na mazao ya shamba, na meli zilipotia nanga iliwachukua wasafiri waliotaka kuziona karafuu zikiwa mtini. Magari ya mafuta yalipozidi, reli ikakosa faida, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafa. Mzee wetu wa msafara alisema kuwa babu yake alikuwa akiwapima watu kwa gari lile: mtu mvivu aliitwa mtu wa kungoja moshi.

Mbele ya Beit al-Ajaib tulisimama kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia, na hapakuwa na mzaha. Jumba lile alilijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza nchini kuwaka taa za umeme. Mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza ziliipiga pwani hii kwa muda usiofika saa moja. Jumba la jirani yake, Beit al-Hukm, likaharibika lisifae tena, na mnara wa taa uliokuwa mbele ukavunjika, lakini Ajaib ikabaki imesimama. Ikavuka enzi ya ukoloni. Ikavuka Mapinduzi. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi za matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha yao. Hakuna manowari iliyokuwapo siku hiyo. Ilikuwapo miaka 137 ya chumvi na mvua, na uzito wa matengenezo yaliyochelewa. Mmoja wa vijana wetu alisema kwamba siku ile ndiyo aliyotambua kuwa jengo nalo hufa. Hatukuwa na la kumwongezea.

Kutoka pale tulishika njia ya Mizingani. Tuliipita Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa na Tharia Topan mwaka 1887 na ambayo hakujaaliwa kuiona ikimalizika. Mjane wake ndiye aliyeikamilisha. Tuliipita bandari na Malindi na harufu yake ya samaki, tukafika Kinazini kwenye nyumba iliyojengwa wakati wa Seyyid Majid, kiasi cha mwaka 1860, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1866 akitayarisha safari yake ya mwisho ya bara. Hapo tulikunywa maji, bibi wa maandazi akauza robo ya kapu, tukaendelea. Kuhusu Livingstone vimekwisha kuandikwa vitabu vya kutosha, na vingine vitaandikwa bila ya msaada wetu.

Maruhubi ndipo safari ilipoanza kuwa safari. Kiwanja kilikuwa cha mtu wa ukoo wa al-Marhubi, na jina likabaki lake ijapokuwa jumba lilikuwa la Barghash. Lilimalizika mwaka 1882, likawa makaazi ya masuria wake. Likaungua mwaka 1899, miaka 17 tu baada ya kukamilika. Orofa ya juu ilikuwa ya mbao, ikaliwa na moto wote. Zikabaki nguzo kubwa za mawe zilizokuwa zikiibeba, zimepangwa safu kama watu wanaongoja amri ambayo haiji. Yamebaki mabirika na vyumba vya hamamu, na mifereji iliyokuwa ikileta maji. Marmaru ya hamamu iliibiwa zamani, na si na majini.

Tuliingia hamamuni wanne wanne, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Aliyekuwa ndani alisema na aliyekuwa nje akajibu, na sauti zikapishana chini ya kuba hadi watoto wakaanza kuimba ili wasikie kuta zikiwarudishia. Kisha mmoja wa wanafunzi wa chuo, kijana mwenye adabu na ulimi mkali, akauliza swali ambalo tunaamini kila ofisa wa mambo ya kale amewahi kuulizwa. Alisema: "Wazee wangu, mniwie radhi. Hapa alikaa sultani na masuria wake. Sisi ni wajukuu wa watu waliochuma karafuu. Kwa nini tulie kuta hizi zikianguka?"

Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyemjibu, akiwa amekaa juu ya jiwe na kofia yake gotini. Alimwuliza: "Mwanangu, nguzo hii nani aliibeba?" Kijana alinyamaza. Mwalimu akamhesabia: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe uliondolewa kwa sheria mwaka 1897, jumba hili limejengwa baina ya miaka hiyo miwili. Kazi za sulubu katika kisiwa hiki wakati ule zilifanywa na nani? Nani aliyevunja mawe ya matumbawe, aliyechoma chokaa, aliyepanda ngazi na karai kichwani? "Sultani," akasema, "ana kaburi lenye jina lake. Hao wengine hawana alama nyingine ila hii. Ukiiacha ianguke utakuwa umewazika mara ya pili."

Sisi tunaiunga mkono hoja hiyo, na tunaiandika hapa kwa makusudi, maana iko dhana kwamba kuhifadhi jumba la kifalme ni kuutukuza ufalme. Dhana hii imefanya kazi yake ya uharibifu kimya kimya kwa miaka mingi, kwa sababu inampa kila mtu ruhusa ya kutojali huku akijiona mzalendo. Ukuta haumsifu mtu. Ukuta ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali na upande wowote wenye kesi.

Kutoka Maruhubi hadi Mtoni si mbali, na waliopenda kuvua viatu walitamani kupita pwani. Mvuvi wetu alitueleza upepo, na akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo katika ujana wake walikuwa wakikokota vyombo. Wakati mwingine tulilazimika kuiacha pwani na kurudi barabarani, na jambo hili tutalirudia chini kwa kuwa linawahusu wakubwa.

Beit al-Mtoni ndilo kongwe la majumba yote ya kifalme ya Unguja. Seyyid Said bin Sultan alianza kulijenga kiasi cha mwaka 1828, kabla hajauhamishia Unguja utawala wake kutoka Maskati. Humo alizaliwa, mwaka 1844, binti yake Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete baada ya kuondoka kisiwani mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Kwa kitabu hicho tunajua kwamba katika ua wa Mtoni walitembea tausi na paa na mbuni, na kwamba Seyyid alikuwa na baraza yake ya mviringo inayoitazama bahari, akienda na kurudi humo peke yake akiwa ameinamisha kichwa. Tunajua kuwa watoto walifundishwa kupanda farasi, na kwamba Salme alijifunza kuandika kwa siri, kwani kwa mtoto wa kike kusoma kulitosha.

Wauguzi wetu wawili walisimama sana katika jambo hili la kuandika kwa siri. Mmoja alisema kwamba bibi yake mzaa mama, aliyeishi Mji huu huu wala hakuwa binti wa mtu yeyote mkubwa, naye alijifunza kuandika kwa kunakili maandishi ya kaka zake kwa mkaa ukutani, kisha akiyafuta. Pakawa na minong'ono, na kabla hatujaondoka tulikuwa tumesikia hadithi nne za namna hiyo kutoka kwa watu wanne. Hakuna hata moja iliyoandikwa mahali popote. Zilitoka kwa sababu watu walikuwa wamekaa kivulini mahali panapozikumbusha, wakiwa na wakati, na pembeni yao pana mtu wa kusikiliza. Hili halifanyiki ndani ya gari.

Majumba haya mawili yana hali moja ambayo si wengi wanaoizingatia. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 umekuwa na Mamlaka yake yenyewe ya kuuhifadhi na kuuendeleza. Maruhubi na Mtoni ziko nje ya mipaka hiyo. Ukifa ukuta wa Mji Mkongwe, taarifa hufika Paris. Ukifa ukuta wa Mtoni, taarifa hufika kwa mbuzi. Ulinzi wa magofu haya umo katika sheria zetu sisi na katika macho ya jirani zake, na macho ya jirani yana thamani kubwa kuliko askari mmoja mwenye firimbi. Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, tulikuta alama mpya ukutani za mawe yaliyong'olewa. Mmoja wa masheha aliyekuwa nasi alizitazama, akaandika jambo katika daftari lake, na hatukumwuliza ameandika nini.

Mawe kuhamishwa si jambo geni katika njia hii, na wala halikuanzwa na wanyonge. Mbele ya Kibweni, tulipofika Beit el-Ras, watoto waliuliza jumba liko wapi. Halipo. Seyyid Said alianza kulijenga mwaka 1847, akafariki mwaka 1856 halijamalizika, na Majid hakuliendeleza. Ilipokuja kujengwa reli ile ya mwaka 1905, mawe mengi ya jumba yalichukuliwa yakatiwa katika njia ya gari la moshi. Masalio yakabomolewa mwaka 1947 kupisha skuli na chuo cha ualimu. Kwa hiyo reli ilikula jumba, na baada ya miaka isiyozidi 25 reli nayo ikafa; jumba halikurudi. Skuli hatuilaumu. Walimu watatu waliokuwa nasi walisomea Beit el-Ras, na mmoja alisema kwa fahari kuwa masultani waliacha kazi nusu na walimu wakaimaliza. Lakini biashara ile ya mwanzo, ya kuuza karne kwa miaka 25, tungependa wakubwa waikumbuke kila wanapoletewa mchoro wa mradi mezani.

Tulifika Bububu saa saba kasoro, na jua limekwisha kukasirika. Baadhi ya watu husema kwamba jina la mahali hapa limetokana na mlio wa gari la moshi. Wengine husema ni sauti ya maji yakibubujika. Mzee wetu alikataa moshi katakata, kwa hoja kwamba watu walikuwa wakinywa maji ya hapa kabla ya moshi kuzaliwa. Yawayo yote, maji ndiyo yenye haki kubwa zaidi. Kutoka chemchemi ya huku Seyyid Barghash alileta maji safi hadi Mji kwa mabomba, yakagawiwa bila ya malipo, katika mji uliokuwa ukinywa visima vya mashaka na kuzikwa kila mara kwa kipindupindu. Kati ya yote aliyoyajenga, na alijenga mengi, pengine ni hili lililookoa roho nyingi zaidi. Nalo ndilo lisilo na mnara wala nguzo ya kupigia picha. Tulikunywa madafu, kapu la maandazi likaisha, na vijana wachache wenye miguu wakaendelea hadi Kidichi kuiona hamamu ya mwaka 1850 ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, yenye kuta zilizonakshiwa kwa chokaa maua na ndege. Wengine tulipanda daladala bila ya aibu.

Sasa maneno yetu kwa wenye mamlaka, na hayana gharama ya kutisha. La kwanza na kubwa ni pwani. Mwananchi wa kisiwa anapokuta kwamba hawezi kutembea kutoka gofu moja hadi jingine akiwa na maji miguuni, kisiwa kimeanza kumpungukia. Hatupingi hoteli wala bandari wala maghala. Nchi haili magofu. Tunaomba tu kwamba kila kibali cha kujenga baina ya Maruhubi na Bububu kiandikwe ndani yake njia ya mtu wa miguu, upana wa hatua mbili, isiyozibwa kwa ukuta wala kwa mlinzi. Njia ikiandikwa leo ni mstari mmoja wa wino. Ikidaiwa baada ya miaka 20 itakuwa kesi, na kesi ya njia mara nyingi humwendea vizuri aliyekwisha kujenga.

Tunaomba pia maelezo ya Kiswahili katika kila mahali pa kale, tena Kiswahili kiwe juu, na kiandikwe na mtu anayejua lugha. Na skuli za Mjini na za Magharibi zipewe siku yao kila mwaka ya kwenda kwa miguu, bila ya kiingilio, wakiongozwa na wazee wa shehia wanazozipita. Mzee wa Mtoni anaijua Mtoni. Anachokosa ni kuulizwa.

Kwa wananchi wenzetu tunalo ombi dogo zaidi, nalo ni kujitokeza. Wenzetu wa msafara ule wamekubaliana kwamba mara ijayo njia itakuwa ya kusini: Mbweni, yenye magofu ya skuli waliyosomeshwa wasichana waliokombolewa utumwani, kisha Chukwani, ambako Barghash alikuwa na jumba jingine na reli yake ya kwanza, iliyokuwa ikivutwa na nyumbu kabla ya kupata injini. Watakutana Forodhani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili ya kwanza baada ya mvua kukatika. Mtu aje na maji yake, kofia, na viatu alivyokwisha kuvizoea. Na mwenye mzee nyumbani aje naye, gari la kumrudisha litapatikana. Bibi wa maandazi ameahidi kuja na makapu mawili.